Mama Sponji na Maneno ya Mkono Mmoja

Mimi nashona mapazia. Mlango wa pili kutoka kwangu kuna fundi wa makochi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Sponji. Ni kiziwi tangu utotoni. Anaongea kwa mikono, uso na mabega, na mimi kwa kukaa naye ukuta kwa ukuta nimejifunza kiasi cha kutosha kusengenya naye. Kwa hiyo maneno yake nitakayoyaandika hapa yalisemwa kwa mikono. Sauti nimeiongeza mimi.

Mama Sponji ni mdadisi kupita kiasi. Kochi likiletwa, fundi mwingine angechana kitambaa na kuanza kazi. Yeye hulizunguka kwanza, akalikalia, akapenyeza vidole kwenye mianya na kutoa vilivyodondokea humo: vitana, vifungo, kalamu, picha ya bwana fulani enzi alizokuwa na nywele. Halafu anakaa kuwaza hao watu ni wa namna gani. Siku moja aliniita nikaone kochi refu lililoletwa asubuhi ile. Kona moja ilikuwa imebonyea kama bakuli, kwingine kote sponji iko vilevile ilivyotoka kiwandani.

"Unajua kwa nini?" akaniuliza.

"Mwenye nyumba mnene," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Soketi iko upande huo. Zamani makochi yalikuwa yanabonyea katikati, watu wakisogeleana. Siku hizi yananijia yamekufa kona, na kwenye mianya natoa nyaya za chaja."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anashangaa tu, kama mtu aliyeona ndege ambaye hajawahi kumwona.

Nyumbani kwake, ambako ni nyuma ya karakana hiyohiyo, palikuwa na kona ya aina hiyo, na mwenye nayo alikuwa mumewe. Huyu bwana ni karani wa stoo ya vipuri vya magari. Anasikia vizuri kabisa. Lugha ya ishara alijifunza ukubwani, wakati anamchumbia, na waliokuwepo wanasema alijifunza kwa kasi ya mtu anayefukuzwa. Mpaka leo anaiongea kwa mbwembwe, anapanua mikono kama anayeuza vitambaa. Tuseme, alikuwa anaiongea hivyo, kabla ya simu.

Sisi tunaosikia tunaweza kupiga soga na mtu aliyetupa mgongo, anamenya viazi. Kwa Mama Sponji haiwezekani. Macho ya mwenzake yakiinama, mazungumzo yamekatika hapohapo.

Wala msidhani anaichukia simu. Simu ilimrudishia marafiki aliosoma nao shule ya viziwi, ambao walikuwa wametawanyika huku na huku. Sasa anawaona kwenye kioo, wanapunga mikono, wanacheka mpaka machozi. Anaisimamisha kwenye mkebe wa gundi na kuongea nao huku chai ikipoa. Kuna siku binti yao, ambaye yuko sekondari, alikuwa anamwita mama yake kwa kukanyaga sakafu ili ahisi mtetemo, kama walivyozoea. Akakanyaga, akakanyaga tena, mama yuko na wenzake kwenye kioo. Ikabidi azime taa na kuiwasha.

"Nikadhani umeme unachezacheza," Mama Sponji aliniambia, akacheka, kisha akarudi kwenye sindano yake.

Kwa mumewe mambo yalikuja taratibu. Alishika simu kwa mkono wa kulia na kuongea kwa wa kushoto. Sasa, maneno mengi yao yanataka mikono miwili. Nyumba, kwa mfano, wao huisema kwa viganja viwili vilivyokutana juu kama paa. Kiganja kimoja ni mteremko tu. "Tunaishi kwenye mteremko," Mama Sponji akanitania.

Jioni moja Mama Sponji alikaa kando ya mumewe, akamgusa bega.

"Ulichokitazama sasa hivi kilikuwa nini?"

Mume akafikiri. "Mtu alianguka kwenye maji."

"Na kabla ya huyo?"

Mume akakuna kichwa. Akatazama dari. Mwishowe akacheka kwa soni na kurudi alikotoka. Mama Sponji hakumkasirikia, alibaki na swali. "Anatazama kwa bidii namna ile," aliniambia kesho yake, "kuliko anavyokula. Halafu hakibaki kitu. Kinakwenda wapi?" Mimi mwenyewe nilikuwa nimepoteza nusu ya asubuhi nikitazama mwanamke asiyenijua akipanga kabati lake.

Ndipo ikaja ile Jumamosi.

Mama mzazi wa mume hufunga kitambaa kichwani na kukaza fundo chini ya kidevu. Kwa hiyo jina lake katika nyumba ile ni mikono miwili ikifunga fundo hapo chini ya kidevu. Na kuna mzee anayewaletea sponji, ana ndevu ndefu zilizochongoka. Jina lake ni mkono mmoja ukivuta kitu chini ya kidevu. Nadhani mmeshaona tunakoelekea.

Mume, macho kwenye simu, aliinua mkono wa kushoto, akavuta chini ya kidevu. "Anakuja Jumamosi."

Mama Sponji akafurahi. Sponji ilikuwa imeadimika na wateja walikuwa wanamnunia. "Anakuja na mzigo?"

Mume akainua jicho nusu. "Mkubwa. Si unamjua."

"Nimwachie sebule?"

"Mwachie. Atalala wapi kwingine?"

Hilo la kulala Mama Sponji hakuliona. Alikuwa ameshaondoka kwenda kupima nafasi kwa kamba.

Jumamosi asubuhi mume alikwenda kazini. Mama Sponji na binti yake wakatoa kila kitu sebuleni: makochi, meza, zulia, mpaka pazia nililowashonea mimi mwenyewe, lisije likachafuka. Wakavirundika uani nyuma. Kisha wakabaki hukohuko wakifunika vitu kwa turubai.

Mimi nilisikia gari likisimama, halafu mabegi yakishushwa, halafu kimya. Kisha ukelele. Nikatoka mbio na sentimita yangu ya kupimia shingoni. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya chumba kitupu, mabegi yamemzunguka.

"Ameondoka!" akaniambia, amenishika mkono. "Mke wa mwanangu amebeba kila kitu, ameondoka! Hata pazia hakuacha!"

"Mama, tulia, yuko uani."

"Uani anafanya nini?"

Kabla sijajibu, Mama Sponji akaingia amebeba ufagio, tayari kumpokea mwenye ndevu. Alipomwona mama mkwe alisimama kama aliyemwagiwa maji. Akaangalia chumba kitupu. Akaangalia mabegi. Akaangalia mlangoni nyuma ya mgeni, labda na mzee wa sponji naye yupo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka na nikashindwa kuacha.

Mume aliporudi mchana alimkuta mama yake amekaa kwenye kochi, ila kochi lenyewe liko uani, juani, na yeye ameshika mwavuli. Binti ndiye aliyefumbua mambo. Alimwambia baba yake, "Hebu rudia ulivyomwambia mama." Baba akafunga fundo kwa mikono yote miwili. "Hapana, Baba. Rudia kama siku ile." Na binti akamwekea simu mkononi.

Baba akainua mkono wa kushoto, akavuta chini ya kidevu. Akabaki hivyohivyo, mkono hewani.

"Nimemwita mama yangu ndevu," akasema.

Mama mkwe alipotafsiriwa maneno hayo, alicheka mpaka mwavuli ukaanguka. Mama Sponji naye alicheka, lakini alikuwa akimtazama mumewe kwa makini, na mume alijua anatazamwa.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, mume akaona aibu na simu ikawekwa kabatini. Haikuwa hivyo. Kilichofuata kilinishangaza zaidi.

Mama mkwe na Mama Sponji hawakuwahi kuongea peke yao. Miaka yote hiyo mume ndiye aliyekaa katikati, akigeuza maneno huku na huku, na nadhani mengine aliyapunguza makali njiani. Wiki ile, mjukuu akamwonyesha bibi yake kwamba simu ukiisemesha inaandika. Bibi akaishika karibu na mdomo na kuipigia kelele kana kwamba nayo ni kiziwi:

"Mbona umekonda? Unakula?"

Simu ikaandika: "Mbona umekwenda Ulaya?"

Mama Sponji akasoma. Akajitazama nguo zake zilizojaa vumbi la sponji. Akaandika kwa herufi kubwa: "Sijaenda popote, mama. Niko na makochi."

Wakaanzia hapo. Asubuhi, mume akiwa kazini, bibi alihamia karakana akiwa na simu yake, na mimi kwa dirisha niliwaona wamekutanisha vichwa. Bibi alitaka kujua kila kitu ambacho hakuwahi kuthubutu kuuliza kupitia kwa mwanawe. Ukiota ndoto, watu wanaongea kwa mikono? Mtoto alipokuwa mchanga ulijuaje analia? Na Mama Sponji, mdadisi aliyekutana na mdadisi mwenzake, akauliza yake: mume wangu alikuwa mtoto wa namna gani? Sauti yake ikoje? Hilo la sauti bibi alilifikiria sana. Akasema, na safari hiyo simu ikaandika sawasawa: "Kama ya baba yake, ila haina haraka."

Mume akirudi aliwakuta wanacheka.

"Mnaongea nini?"

"Mambo yetu," mama yake akamjibu.

Akaanza kurudi mapema. Akavuta kigoda, akaketi mbele yao, akawa anageuza macho kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Siku moja alimwuliza mkewe jambo kwa ishara, na mkewe, simu iko mkononi anasoma maneno ya bibi, akamjibu kwa mkono mmoja bila kuinua macho: subiri.

"Sijakuelewa," mume akasema. "Umesema nusu."

Mama Sponji akainua uso. Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipopata jibu la swali lake, au robo ya jibu: ukiwa mle ndani ya simu hujui kwamba umeondoka. Unadhani bado upo. Akaiweka simu pajani kwa bibi, akamwambia mumewe, kwa mikono yake yote, alichokuwa anasoma.

Mama mkwe aliondoka na mabegi yaleyale, moja limeongezewa mto mpya. Simu hazikuondoka. Mume bado anaipenda kona yake. Ila akiona kitu, siku nyingine humgeuzia mkewe kioo, na hilo lina hatari zake, kwa sababu ukimwonyesha Mama Sponji kitu lazima ukieleze. Juzi alimwonyesha mtu anayetengeneza saa kubwa juu ya mnara. Alipandaje? Vyombo vyake vinapandaje? Akiwa na njaa, mkewe anamwitaje? Mume hakujua hata moja. Niliwaona kupitia mlango wazi, wamesimama, mikono inakatana hewani, simu iko chini imezimika yenyewe.

Kesho yake nikamwuliza Mama Sponji kama walipata jibu la huyo fundi wa saa.

"Hatukupata," akasema, akirudi kwenye kochi lake. "Ila tulibishana vizuri."