Mashine Ndogo, Mahindi Makubwa

Mwalimu wa taaluma alinikabidhi karatasi yenye majina ya wanafunzi wanane, akaniambia hao ndio wangu. Ilikuwa siku ya wazazi katika shule moja ya sekondari upande wa Magamba, nami nilikuwa nimealikwa kuwashawishi vijana waingie kwenye ufundi. Nikamuuliza amewachaguaje. Akanijibu bila hata kushusha sauti, "Hawa masomo yamewakataa, mama. Angalau wakashike spana."

Damu ilinichemka. Mimi ni mwanamke wa kukereza vyuma, nina karakana yangu Nsemulwa, mjini Mpanda, na sikuingia kazi hii kwa kufukuzwa na vitabu. Kidato cha nne nilifaulu, hesabu hasa, na siku niliposema nataka ufundi mama yangu alilia kama amefiwa. Mpaka leo wapo wanaoiona ovaroli yangu ilivyojaa grisi wakanipa pole. Huwa nawaambia pole hiyo wampelekee bosi aliyejifungia ofisini kitasa kikagoma, anasubiri fundi.

"Hawa wanane nitawapokea kwa mikono miwili," nilimwambia mwalimu, "lakini si kama makombo. Na uniletee anayeongoza kwenye fizikia."

Akacheka. "Yule binti? Yule ni daktari, mama. Usituharibie mtoto."

Basi nikajua nimekuja kwa ajili ya nani.

Sikuwa nimekuja na maneno matupu. Nilibeba mashine ya kusaga, ya vinyundo vya kuponda nafaka, kama zile zinazonguruma kila mtaa wa Mpanda, ila hii ilitosha kwenye dawati. Kila kipimo cha mashine kubwa nilikigawa kwa nane. Shafti niliikereza mwenyewe, vinyundo nikavikata kwa msumeno wa mkono, chekeche nikaitoboa tundu moja moja, na mota nikaichomoa kwenye cherehani. Jumapili zangu za masika nzima ziliishia humo. Nilitaka mtoto aishike, aifungue, aifunge tena, halafu ajiulize kwa nini mashine ya kijijini kwao ikifa lazima watu wangoje fundi kutoka mbali.

Meza niliyoandaliwa ilikuwa na kitambaa cha maua na kikaratasi kilichoandikwa USIGUSE. Pembeni palikuwa na moyo wa binadamu uliotengenezwa kwa boksi na volkano ya udongo. Ndiyo desturi yetu ya maonyesho: kitu kinaundwa ili mgeni rasmi apite akitikisa kichwa, jioni kinatupwa. Kikaratasi nilikichana mbele ya mwalimu, nikakitia mfukoni.

Binti mwenyewe alikuja na baba yake, Msukuma mkulima na mfugaji kutoka Kabungu, mrefu, fimbo mkononi. Binti aliinama akawa anaangalia chini ya mashine, mahali ambapo wengine hawakuangalia.

"Hii inasaga?" baba yake akaniuliza.

"Inasaga, baba."

"Inasaga, au inazunguka tu? Maana nyie wa mjini mna mambo. Sisi maksai hatumsifii pembe. Tunamfunga plau kwanza, tumwone."

Akamtuma mtu jikoni, walikokuwa wanapika makande, akaletewa konzi ya mahindi makavu. Nikawasha. Mashine ikaimba vizuri, watu wakasogea. Mzee akamimina. Ikakohoa mara mbili, ikakwama, mkanda ukaanza kuteleza na harufu ya mpira unaoungua ikasambaa.

"Maji yamezidi unga!" mmoja akapiga kelele nyuma, na uwanja mzima ukacheka. Mwalimu wa taaluma alicheka kuliko wote. "Si nilisema? Huu ni mdoli."

Niliona aibu, siwezi kuficha. Nyumbani mashine ile niliijaribu kwa chenga za mahindi, kwa kuwa ndizo zilizokuwepo, na ilizisaga bila shida. Fundi mzima, miaka yote hiyo kwenye kazi, sikuwahi kuitilia punje kamili hata moja.

Binti akasogea. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa waya kwenye soketi. Nimewahi kufukuza wanaume wazima karakana kwa kusahau hilo. Kisha akafungua kifuniko, akaingiza ncha ya kalamu, akatoa punje moja ya hindi na kuilaza kando ya kinyundo. Punje ilikuwa kubwa kuliko kinyundo.

"Mama, mashine haina kosa," akasema taratibu. "Mashine umeipunguza. Mahindi hukuyapunguza."

Nilitamani kumkumbatia na nilitamani ardhi inimeze, vyote kwa wakati mmoja.

"Tuweke ulezi," akaongeza.

Nje ya geti palikuwa na mama mmoja akiuza ulezi kwa kikombe. Ukaletwa. Binti akazitoa punje zote zilizokwama, akarudisha kifuniko, akaukaza mkanda kidogo zaidi ya nilivyoukaza mimi, akachomeka waya. Safari hii mashine haikukohoa. Unga wa kahawia ukashuka kwenye kisosi, mwembamba, bila chembe. Baba yake akauchota kwa kidole, akauonja mbele ya watu wote.

"Ni unga," akasema.

Mwalimu akadakia haraka, "Mnaona akili hiyo? Ndiyo maana tunasema huyu ni daktari!"

Hapo sikuvumilia. "Mwalimu, akili hiyo umeionea wapi? Kwenye sindano? Umeionea kwenye mashine! Akikosea mtu mnampeleka ufundi, akipatia kwenye ufundi mnamtoa. Madaktari wawepo, tunawahitaji. Lakini hata hospitali ina jenereta, na siku ikizimika mtampigia nani? Aliyefeli?"

Nilijua nimevuka mpaka mbele ya wazazi, na sikujuta, wala sijutii leo.

Mzee akanigeukia. "Na wewe kilichokuingiza huku ni nini?"

Nikamweleza ukweli. Nilipokuwa mdogo, mashine ya kijiji chetu iliharibika, tukangoja fundi mpaka tukasahau mlio wa mashine, na bibi yangu akarudi kwenye kinu akiwa na mgongo mbovu. Alitwanga kwa ajili yetu mpaka mgongo ukamlaza. Kifaa kilichokuja kuiponya mashine kilienea kwenye kiganja cha fundi. Nilikiona kwa macho yangu, nikachukia kwamba kitu kidogo vile hakuna kijijini aliyeweza kukitengeneza.

Mzee alichora ardhi kwa fimbo. Hatimaye akasema, "Likizo atakuja kwako. Mambo ya daktari tutayaona matokeo yakitoka. Ila akirudi na kidole pungufu, mimi na wewe tutaonana."

Alikuja likizo ile, na iliyofuata. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alikuwa na daraja la kwanza, na mwalimu wa taaluma alifunga safari hadi Kabungu kumwambia mzee kwamba nafasi ya kidato cha tano isichezewe. Sikwenda kushindana naye. Nilikwisha kusema yangu, na mtoto hakuwa wangu.

Wiki moja baadaye baba na binti walifika karakana wakiwa na fomu ya chuo cha ufundi, kozi ya uhandisi wa mitambo. Binti alikuwa ameijaza yote, ilibaki sahihi ya mzazi. Mzee akasema yeye hasaini kitu asichokisikia, binti amsomee kila mstari. Akasomewa jina, shule, alama za masomo. Wakafika kwenye sababu ya kuchagua kozi, mahali palipoachwa mistari mitano mitupu ya kujaza. Binti alikuwa ametumia neno moja tu, akalisoma bila kuinua macho.

"Nimefaulu."

Mzee akaomba kalamu.