Mambo ya Mahali

Kaka yangu ndiye aliyekuwa akiendesha gari siku Mheshimiwa, mbunge wetu, alipouawa. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wengi hapa Machakos wakishalijua, hawaulizi jambo lingine. Wanasema tu, "Kumbe ndiye yule?" Miaka yake yote iliyobaki kaka aliishi akiwa ndiye yule.

Gari lao lilisimama mchana kando ya barabara ya vumbi inayoelekea Konza, pasipo na nyumba wala duka. Gari jingine likaja kwa nyuma, watu wakashuka, wakampiga Mheshimiwa risasi, wakaenda zao. Hawajajulikana hadi leo. Kilichojulikana ni kwamba dereva alisimama pasipo na sababu ya kusimama, na kwamba dereva alibaki mzima. Polisi walimshika, wakamwachilia. Watu hawakumwachilia.

Kaka tulimzika mwaka jana. Mazishi yalikuwa madogo. Siku chache baadaye akaja nyumbani mwalimu mmoja mstaafu ambaye tunasali naye kanisa moja. Akaniambia yeye na wenzake wawili hukutana Jumamosi mchana kuchunguza kifo cha Mheshimiwa.

"Si serikali," alisema. "Hakuna anayetulipa. Ni sisi tu tunaokataa kusahau."

Nilimwambia mimi nimeishia darasa la saba na sina la kuchunguza. Akaenda. Akarudi. Nikakataa tena. Ndipo akainamisha kichwa akasema kwa upole, "Mwaitu, tuko na sauti yake."

Mwaitu ni mama. Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mwanamke tunapomheshimu, au tunapotaka kitu kwake. Lakini si neno hilo lililonitoa nyumbani. Picha za kaka ninazo. Sauti yake sikuwa nayo popote.

Walikuwa wakikutana nyuma ya duka la fundi wa simu, karibu na soko, katika chumba chenye simu zilizofunguliwa matumbo na jiko la gesi la chai. Fundi mwenyewe ni kijana aliyetoka Kakamega, akaoa huku, akabaki. Wa tatu alikuwa mama mmoja anayefanya kazi kiwandani kule Athi River. Nyumba yao ya zamani ilikuwa karibu na ile barabara, na akiwa msichana mdogo aliisikia milio ya risasi. Alinipisha kwenye kiti kizuri akakalia debe.

Nilidhani wataniuliza maswali. Walianza kubishana wao kwa wao, kama watu waliozoea kubishania jambo moja mpaka limekuwa na njia zake, kama shamba.

"Tuanze na swali la dereva," alisema Mwalimu.

"Kila siku ni dereva," fundi alisema. "Si tuanze na ile gari ya nyuma? Ilijuaje njia?"

"Iliambiwa. Na nani? Ndiyo tunarudi kwa dereva."

"Mwalimu, wewe ukipoteza kuku utauliza dereva."

Mama wa kiwandani alicheka, kisha akanitazama akaacha. "Jamani, huyu ni dada yake," alisema. "Semeni jina la mtu. Alikuwa na jina."

Mwalimu aliniomba radhi, na ninaamini alimaanisha. Lakini baada ya dakika chache kaka alikuwa amerudi kuwa dereva. Sikukasirika. Kama si wao, asingetajwa na mtu yeyote.

Ubishi wao wote ulisimama juu ya neno moja. Kaka alipoachiliwa na polisi, mtangazaji mmoja wa Nairobi alimwekea kinasa sauti mdomoni langoni pa kituo, akamuuliza kwa nini walisimama. Jibu lake lilitoka redioni jioni ile. Magazeti yakaliandika, kila moja kwa namna yake. Kwetu nyumbani hatukulisikia, kwa sababu mama alikuwa ametoa betri kwenye redio akazifunga kwenye kona ya leso yake. Alisema hataki kusikia mtoto wake akihukumiwa na sanduku. Lakini Mwalimu, ambaye siku hizo alikuwa na tabia ya kurekodi taarifa za habari kwa kaseti, alirekodi. Ni fundi aliyeitoa kwenye kaseti akaiingiza kwenye simu.

"Dereva anasema walisimama kwa mambo ya mahali," Mwalimu alinieleza, akilitamka neno lile kama analiandika ubaoni. "Sasa ni mahali gani? Mimi nasema ni mahali pa kukutana na mtu. Kulikuwa na miadi."

"Hapana," alisema fundi. "Ni shamba. Ploti. Angalia Konza leo, bei imepanda mpaka mbinguni. Mtu alikuwa anaitaka hiyo mahali, na Mheshimiwa alikuwa amekataa."

"Wakati huo Konza kulikuwa na ng'ombe na vumbi. Nani angeulia mtu vumbi?"

"Mwenye kujua vumbi litakuwa nini."

Mama wa kiwandani hakuwa na upande. Alisema tu kwamba yeyote aliyeichagua mahali ile alikuwa anaijua, kwa kuwa hata mlio wa risasi haungefika popote. Ulifika kwao kwa sababu ya upepo. Kisha akamwambia fundi, "Mwekee asikie. Si ndiyo sababu amekuja?"

Fundi akabonyeza.

Kwanza ilikuwa mikwaruzo, halafu kelele za watu, halafu swali la mtangazaji. Halafu kaka yangu akakohoa. Nilikijua kikohozi kile kabla ya maneno. Alikuwa na desturi ya kukohoa kidogo kabla ya kuongea Kiswahili na mtu mgeni, kama anayefuta miguu kabla ya kuingia nyumba ya watu.

"Mheshimiwa aliniambia nisimame kwanza," alisema, "tumalize mambo ya mahali. Alisema hiyo si ya kuongea mtu akiwa anaendesha."

Ni hayo tu. Wengine wakaanza kuuliza kwa pamoja na sauti ikakatika.

"Umeona?" Mwalimu alisema. "Tumalize. Maana yake jambo lilikuwa limeanza zamani."

Nilimwomba fundi anirudishie. Akarudisha. Nikaomba tena.

Sisi tuliokulia shambani, tunaoongea Kikamba mpaka ndotoni, herufi ya r inatusumbua. Inatoka l. Barua kwetu ni balua, na gari ni ngali. Watu wa Nairobi wanatucheka, nasi tunajicheka. Kaka hakusema mahali. Yaani, alisema mahali, lakini hakumaanisha mahali. Alimaanisha mahari.

Nilijua kwa sababu ilikuwa ni yangu.

Baba yetu alikuwa ameshafariki na kaka ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Mwanamume aliyetaka kunioa alikuwa ametuma wazee, na kaka aliogopa kuongea nao, maana alikuwa kijana, na maneno hayakuwa kazi yake. Asubuhi ya siku ile alikuwa anafuta kioo cha gari, mimi nikimshikia maji. Akaniambia, "Leo nitamwomba Mheshimiwa atuongelee. Wacha waje. Watajua wewe si kuku wa kuokotwa." Niliona haya nikamwagia maji viatu vyake. Akacheka. Sikumbuki kumsikia akicheka hivyo tena.

Kwa hiyo alimwomba wakiwa njiani. Na Mheshimiwa, aliyekuwa mtu wa kupenda mila na maneno marefu, akamwambia asimame, kwa sababu mahari ya msichana haipangwi mtu akiwa anakwepa mashimo ya barabara. Ndicho walichokuwa wakifanya pale pasipo na nyumba. Walikuwa wakipanga nitaombewa mbuzi wangapi.

Kaka hakuwahi kuniambia. Magazeti yalipoandika mahali, hakusahihisha. Niliwahi kumuuliza mara moja kwa nini walisimama, akaniambia, "Gari husimama." Nikaliacha hapo. Sasa ninaona kwamba kama angesahihisha, lawama ingetoka kwake ikanijia mimi. Msichana ambaye Mheshimiwa alikufa kwa mahari yake: nani angemwoa? Aliibeba yeye.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwaambia pale chumbani. Wakamba tuna mbuzi wa ntheo, wale ambao wasipoletwa nyumbani kwa msichana, hata akizaa na kupata wajukuu, hajaolewa. Kuhusu hao hakuna maneno. Lakini mengine yote yanabishaniwa, na kubishaniwa ndiyo heshima ya msichana. Nimekaa jikoni kwenye harusi za wengine nikisikia wajomba wakigonga meza kule nje, wakikataa, wakitaka kuinuka waondoke, na msichana amejificha kwenye moshi akitabasamu. Siku yangu, wazee wa upande ule walipouliza tunataka nini, kaka alitazama chini akasema, "Leteni mtakachoona." Basi. Hakuna aliyegonga meza. Shangazi zangu walisema alikwisha kulipwa kwingine, ndiyo maana ananitoa bure. Hilo sikuliamini hata siku moja. Lakini kwamba hakunipigania, hilo liliniuma, na nilizeeka nalo. Hata nilipomwosha uso kabla hajaingizwa kwenye jeneza, lilikuwamo.

Mama wa kiwandani ndiye aliyeniona. "Dada, una nini?" aliuliza.

"Si mahali," nilisema. "Ni mahali. Ya kuoa."

Walinitazama. Fundi, ambaye lugha yake si yetu, ndiye aliyeshika kwanza. "Mahari!" alisema akasimama. "Mwalimu! Mahari! Miaka yote mmekuwa mkitafuta ploti!"

"Ploti ilikuwa yako," Mwalimu alisema, lakini sauti ilikuwa imemwishia.

"Mahari ya nani?" mama wa kiwandani aliuliza polepole.

"Yangu."

Maji ya chai yalichemka yakamwagikia jiko, na hakuna aliyeinuka.

Baadaye, bila shaka, walianza tena. Mwalimu alisema kama ni hivyo basi kusimama kulikuwa kwa bahati mbaya, na gari la nyuma lilikuwa linawafuata tangu mjini, na swali linahama kutoka kwa dereva kwenda kwa aliyewaona wakitoka. Fundi alisema hata hivyo haijathibitika. Huenda ni mahali kweli. Nami nilimwambia ukweli, kwamba huenda. Mimi nina kikohozi chake, na maneno ya asubuhi, na ulimi wetu. Sina zaidi ya hapo.

Fundi akataka kunirekodi niliseme mwenyewe, aweke mtandaoni pamoja na sauti ya kaka. Mwalimu akamzuia. "Mwaitu, fikiri kwanza. Watu ni wabaya. Watasema ni mbuzi zako zilizomuua Mheshimiwa."

"Kaka alijua watasema hivyo," nilimjibu. "Ndiyo sababu alinyamaza. Sasa yeye amelala, na mimi nimeshaolewa. Wacha waseme."

Fundi akaniwekea simu mbele. Nikasema walisimama kwa ajili ya mahari yangu. Akatusikilizisha. Ilitoka mahali.

"Sema tena, mama. R. Kama pikipiki inayowaka."

Nikasema tena. Mahali. Mwalimu akavuta kiti akaanza kunifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza, ulimi juu, pumzi mbele, "Sema nami: ma-ha-li."

"Mwalimu!" fundi alipiga kelele. "Hata wewe!"

Tulicheka wote, hata mimi, na nikicheka machozi yakatoka. Miaka yote ile, kumbe hata Mwalimu asingeweza kuisikia tofauti ambayo yeye mwenyewe haitamki. Mwishowe nikamwambia fundi aache hilo neno. Nikasema, "Walisimama ili wapange mbuzi za kuniolea mimi." Mbuzi hakuna anayeweza kukosea.

Niliondoka na sauti ya kaka kwenye simu yangu. Jua lilikuwa bado lipo nilipofika nyumbani. Mume wangu alikuwa kwenye tuta la chini anakata majani ya mifugo. Nikakaa kwenye ukingo nikamwekea. Alisikiliza akiwa ameshika panga. Yeye hakuhitaji kuelezwa neno. Aliniomba tu nirudie, nami nikarudia.

"Kumbe walikuwa wananipangia," alisema.

"Ndiyo."

"Walikuwa waitishe wangapi?"

"Sijui. Hakuna aliyebaki wa kuulizwa."

Alifunga majani kwa kamba, akaufungua mzigo, akaufunga tena. "Huyo Mheshimiwa angeitisha wengi," alisema. "Ningelalamika sana. Halafu ningetoa."

"Najua ungetoa," nilimwambia. "Ningependa kukusikia ukilalamika."