Viwanja Kumi na Sita vya Octave

Watu wa Luvungi wanamwita kaka yangu Octave injenieri. Si injenieri. Alisomea kilimo, masomo yanayotoa cheo hicho, katika chuo kikuu huko Léopoldville miaka minne na nusu, akarudi bila shahada, na mimi Pétronille, mdogo wake, ni mmoja wa watu wawili waliomkosesha shahada hiyo. Mwingine ni mama yetu. Nayasema mapema ili mtu asije akanihurumia bure.

Baba alikuwa mkulima wa pamba kama kila mtu wa bonde la Ruzizi, maana enzi za Wabelgiji pamba haikuwa hiari. Monitere wa pamba, mkaguzi wa serikali, alipita na baiskeli yake akikagua mistari, na aliyekutwa na magugu alifungwa siku saba. Sheria ilitaka shamba lipaliliwe mara nne kila msimu. Baba alifungwa mara mbili, na kila alipozungumzia kifungo hicho ungedhani yeye ndiye aliyeshika jembe. Aliyepalilia alikuwa mama. Mgongo wake ulipinda kwa pamba ile kabla hajafika miaka arobaini, na Octave alikua akiutazama.

Aliondoka nyumbani mwaka 1959, baba akiwa ameshafariki. Uhuru ulimkuta huko, katikati ya mitihani. Sisi huku tulicheza ngoma siku tatu, kisha tukarudi shambani, na pamba ilikuwa palepale. Barua zake zilikuja mbilimbili, baada ya miezi ya ukimya, na zote zilizungumza udongo, mizizi na hesabu. Sijui kama aliwahi kwenda kutembea mjini hata siku moja. Mama alinitaka nimsomee kila barua mara mbili, halafu aliuliza kama mwanawe anakula, jambo ambalo barua haikulisema kamwe.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alipaswa kuandika kitabu chake mwenyewe, wanachokiita mémoire, kinachotokana na jaribio alilolifanya kwa mikono yake. Bila hicho hakuna shahada, hata ufaulu mitihani yote. Octave alichagua swali ambalo profesa wake aliliona dogo na sisi tuliliona kubwa mno: katika zile palizi nne, ni ngapi zenye faida kweli? Kama mbili zingetosha, kila mwanamke wa bonde angepata wiki tatu za kupumzisha mgongo. Akapewa msimu mmoja tu wa kulijibu.

Alifika Februari 1964, amekonda, ana miwani. Shamba la mama liko kando ya njia kuu ya kwenda Bukavu, na hapo ndipo alipopima viwanja kumi na sita kwa kamba, kila kimoja na kigingi chake chenye namba. Vinne vingepaliliwa mara nne, vinne mara mbili, vinne mara moja. Vinne vya mwisho visingeguswa kabisa. Na visichanganyike, alisema, maana mtu akipalilia hata kimoja kisichopaswa kupaliliwa, jibu lote linaharibika.

Kwetu shamba lenye magugu ni aibu ya mwanamke. Na hili lilikuwa barabarani, kila mtu analiona. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walisimama.

"Mama Octave, weye iko mugonjwa?"

"Siko mugonjwa. Ni kazi ya masomo."

"Masomo ya kulima majani?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama alicheka nao, kisha alipoingia ndani aliniambia kwamba hajawahi kuona haya kiasi hicho tangu aolewe. Lakini hakugusa jani. Magugu yakampita Octave magoti, yeye akapita katikati yake kila asubuhi na daftari, akihesabu vitumba vya pamba, akifurahi. Ndiyo mara ya mwisho kumwona na furaha ya namna ile.

Mwezi wa nne uasi ukashuka bondeni. Wengine waliokuja na mikuki walikuwa vijana wetu wenyewe, na sitawatukana, maana uhuru ulikuwa umewapa bendera na hakuna zaidi. Lakini walikuwa wakiwatafuta makarani na wasomi, kila aliyeonekana mtu wa serikali ya Léopoldville, na waliochukuliwa hawakurudi. Watu watatu walikuja kwetu kuuliza yuko wapi yule wa miwani. Octave alikuwa shambani. Mama alimtumia neno, na kabla ya jua kufika utosini alikuwa ameshika njia ya mtoni, avuke Ruzizi aende kwa shangazi yetu Honorine, upande wa Burundi. Nilimsindikiza mpaka ukingoni. Alinipa daftari.

"Pétro, vile vine vya mwisho, muntu asiguse. Unasikia?"

"Nasikia, yaya." Kwetu ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa.

"Hata mama asiguse."

Alivua shati asije akalilowesha, akabadili mawazo, akaniachia, akaingia majini na suruali tu.

Wale watu walirudi kesho yake, na kesho kutwa. Mara ya tatu walisema kwamba kama mwanawe amefichwa, nyumba itachomwa na mama ataondoka nao. Wakatupa mpaka siku ifuatayo. Mama alichukua lile shati la Octave, akalitia katika ndoo ya maji, akalikunjakunja kwenye matope ya uani, akatoka nalo barabarani akipiga mayowe.

"Ruzizi imekula mutoto yangu! Ruzizi imekula Octave!"

Kwa kitambo hata mimi niliyejua ukweli niliamini, nikalia machozi ya kweli, na mpaka leo sijui nilikuwa nikimlilia nani. Majirani walijaa. Mto ule umechukua watu wengi, wengine na mamba, wengine na mkondo tu, na hakuna anayedai maiti. Wale watu walikuja, wakaona shati, wakaona mama amenyolewa kichwa, wakatoa pole. Mmoja wao alivua kofia. Hawakurudi tena.

Basi Octave alikuwa salama. Mama aliniangalia ndani ya nyumba iliyojaa watu, nami nikamwangalia, na nilidhani kazi ngumu imekwisha.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua. Mwenye msiba hashiki jembe mpaka kilio kifungwe. Kwa hiyo wanawake wa jirani humlimia. Hawaombwi, na hawakataliwi, maana kuwakataa ni kusema kwamba huna msiba. Siku ya nne asubuhi walikuja kumi na mmoja na majembe yao, mbele yao Mama Élisabeth, mkubwa wa wanawake wa parokia, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mama na mimi tulikuwa tumekaa kwenye mkeka kando ya shamba, vichwa vyetu vitupu juani. Waliinama, wakaanza na kiwanja cha kwanza.

Viwanja vya palizi nne havikuwa na neno. Vya palizi mbili niliwaza labda vitasameheka. Walipokaribia vile vya mwisho, vilivyoota magugu ya kufika kiunoni, niliinuka.

"Bamama, upande ule muache. Mumechoka."

Mama Élisabeth aliegemea jembe lake. "Mutoto, usione haya. Kaka yako alikuwa na akili ya vitabu, hakujua shamba. Hatuwezi kuacha shamba ya marehemu inachekwa na batu ba njiani."

"Lakini yeye alipenda..."

Mama alinishika kiganja, akakibana mpaka mifupa ikauma. "Kaa chini," alisema.

Nikakaa. Kandokando ya barabara walipita vijana wawili wenye mikuki, wakasimama kuangalia wanawake wanaomlimia mfiwa. Ningesema nini? Kwamba magugu yale yana mwenyewe, naye yu hai anayangoja? Tukaketi, mama na mimi, tukitazama miaka minne na nusu ya Octave ikikatwa na kurundikwa kando ya njia. Wanawake walikuwa wakiimba nyimbo za kanisa. Walilima kwa moyo mwema kabisa, na nilimchukia kila mmoja wao. Mama hakulia. Alikuwa amelia siku tatu nzima kwa uongo, na sasa penye sababu machozi yalimwishia. Walipomaliza tuliwashukuru kwa kichwa, kama mfiwa afanyavyo, kwa kuwa shukrani yenyewe hutolewa baadaye.

Msimu ulikwenda. Pamba ilipopasuka niliichuma kiwanja kwa kiwanja, nikaipima kwa mizani yake, nikaandika kilo zote katika daftari kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi. Sijui nilitumaini nini. Nafikiri nilitaka tu akute ukurasa haukubaki mweupe.

Alirudi mwezi wa kumi, jeshi la serikali lilipokwisha kuuchukua tena mji wa Uvira kwa waasi na njia ya bondeni kufunguka nusunusu. Alituangalia vichwa vyetu vyenye nywele fupi, akasimama mlangoni. Mama alimweleza yote bila kupamba. Octave alichukua daftari, akasoma kilo zangu, akalifunga.

"Mungewaambia kitu," alisema. "Kitu chochote."

"Ningewaambia nini?" Mama alikuwa amechoka, sauti yake ilikuwa ndogo. "Kama weye iko muzima?"

Octave aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akakaa hapo mpaka chakula kikapoa.

Siku zilizofuata alikaa tu na lile daftari magotini. Mimi sina subira ya namna hiyo. Nilimwendea nikamwambia waziwazi: wewe mwenyewe ulikuwa ukihesabu vitumba mpaka mwezi wa nne, unajua vilikoelekea. Andika kilo unazodhani zingetoka. Léopoldville ni mbali, nani atakuja kuhesabu magugu yaliyokwisha kuoza?

"Hakuna," alisema.

"Sasa?"

"Nikiandika mbili zinatosha, bamama batapalilia mara mbili. Na kama hazitoshi? Pamba ya muntu itakufa na majani sababu ya uongo yangu, na hatajua ni kwa nini."

"Na kama zinatosha kweli?"

"Ndiyo hiyo sijui, Pétro. Ndiyo hiyo nilikuja kutafuta."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia wale wa mikuki. Aliandika ukweli, kurasa sita, akampa padre aliyekuwa akienda Bukavu. Jibu lilichukua miezi mitano. Profesa aliandika kwa upole. Alisema amefurahi kujua yu hai. Alisema vipimo ni vya kweli lakini havijibu swali, na kwa hiyo chuo hakiwezi kuvipokea. Apande tena msimu mwingine, ingawa msaada wa masomo ulikuwa umekwisha. Octave alisoma barua mara moja. Mbegu zilikuwa zimeporwa ghalani, milimani bado kulipigwa risasi, na yeye alikuwa na miaka ishirini na saba. Alisema neno moja tu, kwamba amechoka. Baada ya hapo alikubali kufundisha hesabu katika shule ya masista, kazi anayoifanya mpaka leo.

Lilibaki jambo moja. Waliomlimia mfiwa hushukuriwa nyumba kwa nyumba na watu wa marehemu, na mpaka hilo lifanyike kilio hakijafungwa. Wanawake walifurahi Octave aliporudi, kisha wakanuna. Walikuwa wamemlilia mtu aliye hai, wamemlimia, na hata asante hawakuipata. Mama angekwenda, lakini msiba ulikuwa wa uongo, na marehemu mwenyewe alikuwa hai. Aliyepaswa kwenda sasa ni yeye. Miezi mitano Octave alikataa. Alisema ataishukuru hata mvua ya mawe, lakini si majembe yale.

Jumapili iliyofuata barua ya profesa alivaa koti lake la Léopoldville, akaniambia twende. Sikuuliza kwa nini. Tulipita nyumba kumi na moja. Katika kila nyumba alisalimia, akatoa mikono miwili, akasema aksanti kwa shamba. Wengine walilia tena, wengine walimgusa mashavu wahakikishe. Mimi nilisimama nyuma yake, nikitamani tufike mwisho. Kufikia saa tisa miguu ilikuwa imejaa vumbi na tulikuwa tumekunywa vikombe visivyohesabika vya maji.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Élisabeth. Alitoka akijifuta mikono kwenye kitenge, akamtazama kuanzia viatu mpaka miwani, bado amenuna. Octave aliinama.

"Mama, aksanti. Mulinilimia."

Uso wake ukalegea. Alimshika mabega, akamtikisa kidogo, akacheka kwa ile sauti yake kubwa.

"Majani yalikuwa mingi, mutoto yangu! Mungongo uliniuma wiki nzima. Lakini uliza mama yako: hatukuacha hata moja."

"Niliona, mama," alisema Octave. "Hamukuacha hata moja."