Ufito wa Kemuma

Kemuma aliingia wodini na leso mbili, kitabu cha nyimbo na ufito.

"Huo wa kumpiga nani?" Sista Sally akauliza.

"Wa daktari."

Ilikuwa 1974. Kule kwenye mashamba ya majani chai ya Kericho, mchumaji aliulaza ufito juu ya vichaka. Jani lililouvuka lilichumwa, meza ya chai, yaani uso wa juu wa vichaka, ikabaki sawa. Nyapara wake, mtu asiyesifu hata ugali wa mkewe, alikiri kwamba meza ya Kemuma ungeiwekea glasi ya maziwa isimwagike.

Sasa titi lake la kushoto lilikuwa na uvimbe, ikabidi litolewe. Hilo alililia Jumapili nzima, akamaliza. Kilichomnyima usingizi ni Nyambeki, jirani yake, aliyekatwa titi mwaka uliopita akaachiwa ngozi inayoning'inia kwapani kama sikio la mbuzi. Mkanda wa kikapu uliisugua mpaka damu. Kazi ikaisha, na nyumba ya kampuni ikaenda nayo. Nyambeki akarudi Kisii na sufuria zake kichwani.

Daktari Bogonko alikuwa mpole, na wapole ndio wabishi.

"Mama, nitakuachia ngozi kidogo. Baadaye ukitaka kujaza kitu, upate umbo. Hata mzee atafurahi."

"Mzee ndiye atabeba kikapu?"

Sally akageukia dirisha, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Mama, mimi nimesomea hii kazi."

"Umesoma, daktari. Umewahi kubeba kilo ishirini za majani?"

Akaketi wima, akaulaza ufito kifuani. "Nikilala, kila kitu kinaonekana sawa. Nipime nikiwa nimekaa. Mkanda unapita hapa, mpaka nyuma ya kwapa. Chochote kitakachovuka ufito, toa."

Daktari akatoa kalamu, akamchora pale pale alipoketi, mstari ukatambaa mpaka karibu na mgongo.

"Kovu litakuwa refu."

"Liwe refu. Nataka sawa."

Siku ya kutoa nyuzi hakuomba kioo. Aliomba ufito. Ulilala kutoka katikati ya kifua hadi nyuma ya kwapa bila kuinuka popote. Mahali pamoja tu mwanga ulipenya chini yake.

"Hapa umechuma ndani sana," akamwambia daktari.

"Nisamehe, mama."

"Kichaka hujaza pengo." Lakini alijua hiki hakitachipua.

Kisha akamwomba Sally mshipi wa gauni lake, akaupitisha begani mpaka kwapani kama mkanda wa kikapu, akauvuta polepole. Haukukwama.