Mama wa Panya wa Rubondo

Mtu akikwambia siku ile nilikuwa na malaria, anakudanganya. Nilikuwa mzima, nimekunywa chai yangu, na jua lilikuwa utosini. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili.

Nilikimbia Kivu, kule Kongo, wakati wa vita, nikapewa kiwanja Rubondo, kambi ya wakimbizi Uganda, halafu nikapata kazi mjini Mbarara: kulisha panya. Ndiyo, panya! Dokta mmoja alikodi nyumba mtaa wa Kamukuzi, akajaza vizimba kwa panya wa mashamba yetu ya Rubondo, wale wenye matiti mengi, ambao hutumiwa kuchunguza magonjwa ya watu. Aliniambia anataka kusoma urithi ambao mtoto anaupata kwa mama peke yake. Baba haongezi kitu. Akamuua jike aliyekuwa ananyonyesha, akakata kipande cha ini, akakituma ng'ambo urithi huo usomwe kwa mashine.

Kesho yake mchana nikafungua kufuli ya chumba cha vizimba, niliyoifunga mwenyewe. Ndani amesimama mwanamke, kitenge kiunoni, blauzi imelowa maziwa. Niamini. Vitoto vya yule jike vilikuwa vimesimama kwa miguu ya nyuma, vyote vinamtazama yeye.

"Mama, umepita fasi gani? Mlango ulikuwa umefungwa."

"Mulinitoa kwa batoto bangu," akasema, Kiswahili cha kwetu kabisa. "Sasa banyonye nini?"

Nikakimbia kumwita dokta. Tuliporudi hakuna mtu, ila matone ya maziwa sakafuni. Dokta akacheka: "Nyinyi wakimbizi mnaona mizimu kila pahali. Enda upimwe malaria."

Vitoto vilikataa kila nilichovipa, vikafa.

Baadaye majibu yakafika. Ini la panya limesomeka kuwa la binadamu! Dokta akanifokea mbele ya wenzake: "Wewe ulishika na mikono chafu!" Mimi, ambaye hata kisu chake sikukigusa! Nikamwambia, haya, pimeni mate yangu. Wakapima yangu, yake, ya wote wa nyumba ile. Majibu ya lile ini hayakulingana na ya mtu hata mmoja. Unadhani aliniomba radhi? Alisema mashine imekosea, akatupa kila kitu, na mimi akanifukuza.

Mpaka leo, nikikuta panya jike na watoto wake shambani, naweka jembe chini, nangoja apite. Majirani wananicheka. Wacheke. Lakini wewe, akija mwenye vizimba akakuomba umwonyeshe mashimo ya panya, mkatalie. Hajui anachochukua, na kikimgeukia atasema ni mikono yako.