Kuilaza Mashine

Fundi alipoifunua mashine yake asubuhi ile, alipitisha kidole juu ya reli ya chuma, akakiinua. Kilikuwa kimelowa.

"Mama watoto," aliita, "njoo uone maajabu. Chuma kimetoka jasho."

Mkewe alikuja mbio, kitambaa cha jikoni bado kiko mkononi. Jana yake jioni, mumewe alipojilaza kuupumzisha mgongo, yeye aliingia karakanani kimyakimya, akaizungushia ile mashine ya kukerezea vyuma nailoni mara mbili, akaikaza kwa kamba, na juu yake akatandaza blanketi. Mvua zilikuwa zinakaribia. Alidhani anaikinga na kutu.

"Umeifunga kama mtoto mwenye surua," Fundi alisema, akacheka, kisha akashika ukuta maana kicheko kilimchoma kiunoni. "Hewa uliyoifungia humo imepoa usiku, ikawa maji. Nailoni ikikazwa hivi haizuii kutu, inaifuga."

"Nilitaka nikusaidie."

"Najua. Ndiyo maana unaona sijapiga kelele."

Angepiga kelele, ingekuwa nafuu. Mama huyu alikuwa mwepesi wa wasiwasi; mtoto akikohoa mara moja, yeye kwa mawazo ameshafika hospitali. Na safari hii hospitali ilikuwa ya kweli. Saa nne mkwe wao angekuja na gari kumchukua Fundi, akapasuliwe mgongo. Daktari alisema baada ya hapo huenda atasimama, huenda atakuwa mtu wa kuketi. Kazi ya kukereza ni ya kusimama. Miaka ishirini na sita Fundi alisimama pale akichonga bushi, zile pete za ndani ya pampu, na boliti zisizopatikana dukani, mpaka ubao wa chini ukabonyea mahali pawili, pa nyayo zake. Tangu siku ya daktari hakuwahi kutamka kama atarudi kwenye mashine. Mkewe naye aliogopa kuuliza.

"Haya, tuanze upya," Fundi alisema, akajishusha taratibu kwenye kiti. "Mimi mdomo, wewe mikono."

Mkewe alifuta maji yote kwa kitambaa kikavu, akapitisha brashi yenye mafuta ya taa kila pembe, akafuta tena. Fundi alimvalisha glavu za kitambaa yeye mwenyewe, kidole kwa kidole, akamsogezea kopo la grisi.

"Chuma kitupu usikiguse kwa mkono mtupu. Jasho lako litachora alama za vidole vyako hapo kwa kutu, majirani wadhani nimeibiwa."

"Mwizi gani anaiba huku anapaka grisi?"

"Mwizi bahili. Ongeza! Mbona unapaka kama unamtilia sukari mgeni usiyempenda?"

Akaongeza. Akaingiza grisi katikati ya taya tatu zinazoshika chuma, akalegeza mkanda, akachomoa plagi. Mwisho akaifunika kwa shuka kuukuu la pamba, halafu turubai, na chini akaacha wazi ili ipumue.

Fundi alikata kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene, akampa akitundike kwenye swichi. Mkewe hakusoma madarasa mengi. Alisoma polepole, midomo ikicheza: *Wewe utakayeiwasha, futa kwanza grisi yote, kaza mkanda, tia mafuta.*

Alisoma tena.

"Huyu 'wewe' ni nani?"

"Yeyote atakayekuja. Ndiyo kawaida ya kazi."

"Yeyote huyo simjui mimi."

"Mama watoto, daktari hakuahidi kitu."

"Sikumuuliza daktari. Nakuuliza wewe."

Nje, honi ililia mara mbili. Hakuna aliyetoka. Mama aliligeuza lile boksi upande usioandikwa, akaliweka kwenye goti la mumewe, na kalamu juu yake. Hakuuondoa mkono wake wenye glavu ya grisi.

"Mwandikie mtu ninayemjua."

Fundi alimtazama mkewe, doa jeusi la grisi limemkaa shavuni, akatazama tena boksi. Kisha akaandika, akampa bila kumwangalia usoni.

Mama alisoma: *Fundi, ukirudi usiwashe kwa pupa. Ukishindwa kusimama, keti, mwite mkeo asimame. Mikono anayo.*

Alijifuta shavu, grisi ikaenea zaidi.

"Kwa hiyo nimeajiriwa?" akauliza.

"Kwa majaribio," Fundi alisema. "Na ile nailoni yako sitaki kuiona."

Mama alilifunga boksi kwenye swichi kwa mafundo mawili. Akavua glavu, akamshika mumewe chini ya kwapa, wakatoka polepole kuelekea garini.