Ukuta wa Mbele, Jiwe kwa Jiwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi 1991, tulianza kuubomoa ukuta wa mbele wa nyumba kuukuu ya mawe karibu na Dagoretti Corner. Ulikuwa umefura tumbo, ukikaribia kuanguka. Mwenye nyumba, mzee Mhindi aliyezaliwa humo, alikubali iwe darasa letu la ngumbaru, la watu wazima, kwa sharti moja: ukuta urudi ulivyokuwa, kila jiwe mahali pake. La sivyo, tungerudi kwenye banda la kanisa, tulikofukuzwa kila palipokuwa na harusi.

Mimi, mjane wa mwashi, niliyejifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mmoja, ndiye niliyepewa jukumu la kuyatia mawe nambari. Niliziandika kwa chaki, maana chaki ndiyo niliyoizoea. Hilo lilikuwa kosa langu. Alhamisi mvua ilinyesha, na nambari zote zikafutika.

"Mama, jiwe ni jiwe," fundi tuliyemwajiri kuujenga upya akasema akicheka. "Wacha niyapange tu. Kwani huyo mzee ataita kila moja kwa jina?"

"Ataita. Lete tepu."

Marehemu mume wangu alinifundisha kwamba mawe yaliyochongwa kwa mkono hulingana kimo, lakini urefu kila moja lina wake. Kwa hiyo, kabla ya kubomoa, nilikuwa nimeyapima yote na kuandika urefu wake daftarini, safu baada ya safu. Tukayapima upya. Fundi alipokisia, nilimwamuru alitoe jiwe. Wiki ya pili aliacha kucheka, akaanza kuniita mwalimu. Sikumkataza.

Mzee alikuja Ijumaa, tarehe 12 Aprili. Alipitisha kiganja ukutani polepole, akasimama kando ya mlango.

"Mama, haya mawili yamebadilishana. Hili lenye mkwaruzo lilikuwa huku. Nikiwa mtoto nilinolea kisu hapa, baba akanichapa."

Fundi akainamisha kichwa. Nilifungua daftari.

"Yote mawili ni inchi kumi na nne, mzee. Mkwaruzo sikuuandika. Kesho tutayatoa."

Alisoma ukurasa ule mpaka chini, akafunua uliofuata.

"Haya yote umeandika wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi yaache hapo hapo. Darasa linaanza lini?"

"Jumatatu, saa kumi jioni," nikasema.